Mbuzi wa Ghalani

Kikohozi kilitoka ndani ya ghala, kikapita kwenye upenyo wa mlango uliofungwa kwa kufuli, kikamkuta mkaguzi wa wilaya akiwa ameinua kichwa kutazama mabati.

Kama wiki jana gazeti lilikupita, shika hili tu. Wanakijiji wamejenga zahanati kwa mikono yao na kwa michango yao. Wilaya ikawaazima muuguzi. Leo mkaguzi amekuja kuamua kama muuguzi abaki au aondoke. Na ndani ya ghala la pamba, pembeni kidogo tu ya zahanati, wamefungiwa wagonjwa wote wa kijiji. Aliyewafungia ni Fundi, mwashi aliyelijenga jengo hilo, ambaye pia ni mwenyekiti wa kamati yake. Ufunguo anao mfukoni.

Mkaguzi aliteremsha macho kutoka kwenye mabati.

"Humo mna nini?"

"Mbuzi," akasema Fundi.

Hata yeye hakujua neno hilo lilikotoka. Ni kama mtu mwingine alikuwa ameazima mdomo wake.

"Mbuzi anakohoa?"

"Ana mafua, mzee. Tumemtenga asiwaambukize wenzake."

Katibu wa kamati, yule mwenye duka, akaona chumvi haijatosha. "Sisi mbuzi wetu tunawajali, mheshimiwa. Sembuse watu."

Muuguzi wao, ambaye kijiji kizima kinamwita Sista, aligeuka akamtazama Fundi. Kikohozi kile alikuwa anakijua. Alikuwa anakitibu tangu mvua za kwanza. Alifungua mdomo, kisha akaufunga.

Mkaguzi akacheka. "Nimezunguka sana, lakini mbuzi kutengwa kwa mafua sijapata kuona." Akaendelea na ukaguzi wake.

Fundi akashusha pumzi. Shati lilikuwa limemganda mgongoni.

Wazo la ghala lilikuwa lake mwenyewe. Kwenye kikao aliwauliza wenzake: mgeni akija kwako unampokea sebuleni, au unampeleka moja kwa moja chumbani kwa mtu anayetapika? Wote wakasema sebuleni. Basi, akasema, mkaguzi akikuta benchi limejaa watu wanaougulia, ataona zahanati imeshindwa kazi. Akikuta benchi tupu, ataona dawa inaponya. Hoja ilikaa vizuri kama tofali kwenye udongo mbichi, na hakuna aliyeigusa kuona kama inacheza. Sista hakuitwa kwenye kikao hicho. Aliambiwa tu kwamba wagonjwa wameombwa waje alasiri, mgeni akishaondoka.

Na Fundi alikuwa na sababu iliyomlaza macho. Mama yake ana kisukari na kidonda mguuni. Kabla ya Sista, kidonda kile kilikuwa kinanuka mpaka uani, na kule hospitali ya mbali walishasema neno moja tu, kukata. Sista akakiosha, akakifunga, akakiosha tena, wiki baada ya wiki, hadi nyama nyekundu ikaanza kuota. Sista akiondoka, mguu nao unaondoka. Hakuna mahesabu mengine hapo.

Wakaingia ndani. Sakafu ilikuwa imepigwa deki mpaka inateleza. Kitanda cha kujifungulia kilikuwa na shuka lililonyooshwa kwa pasi, limekunjwa kona kama bahasha. Mkaguzi alipitisha kidole juu ya kabati la dawa, akakitazama, hakukuta vumbi.

"Nani kajenga?"

"Mimi, mzee. Lakini matofali ni ya watu. Kila nyumba ilichoma ya kwake ikaleta."

"Mmefanya kazi. Sijaona zahanati ya kijiji safi kama hii."

Katibu akamkanyaga Fundi mguu kwa furaha. Fundi naye, kwa mara ya kwanza siku hiyo, akamwona akilini mama yake akitembea bila fimbo.

Mkaguzi akakaa kwenye kiti cha Sista. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati.

"Kwa vile mmenipokea vizuri, nitasema wazi. Nipo hapa tangu asubuhi. Hajaingia mtu. Hata wa kuumwa kichwa hajaingia."

"Tunashukuru sana," akasema Katibu.

"Mnashukuru nini?"

"Afya, mheshimiwa."

"Basi na mimi nawapongeza kwa hiyo afya. Kuna kituo kule ng'ambo ya mto, muuguzi wake mwenyewe kalazwa. Wanawake wanajifungulia barazani. Nimeumiza kichwa mwezi mzima, nitamtoa wapi mtu. Sasa nimempata." Akavaa miwani. "Sista, funga vitu vyako. Tunaondoka pamoja."

Tabasamu la Katibu lilibaki pale usoni peke yake, kama vile mwenyewe ameshaondoka.

"Unamwazima, mzee?" akauliza Fundi. "Atarudi lini?"

"Sijasema namwazima. Anahamia."

"Mzee, wagonjwa wapo," akasema Sista. "Wako wengi. Daftari hili hapa."

"Daftari nimeliona. Kila ninakokwenda nakuta daftari limejaa. Ndiyo maana natoka ofisini nije nione kwa macho. Na macho yangu yameona benchi tupu."

Fundi alisimama.

"Mzee, nisamehe. Hakuna mbuzi."

"Unasemaje?"

"Ghalani hamna mbuzi. Mna watu. Wagonjwa wetu. Tuliwaficha."

Mkaguzi alimtazama. Kisha akamtazama Katibu, ambaye alikuwa anakagua kucha zake.

"Nionyeshe," akasema.

Fundi alifungua kufuli. Joto lilitoka kwanza, pamoja na vumbi la pamba. Nyuma yake akatoka mama yake, ambaye kijiji kinamwita Bi Mkubwa, ameshika fimbo yake kama anayetafuta wa kumchapa.

"Kumbe unakumbuka kwamba una mama."

"Toka haraka, mama."

"Haraka ilikuwa asubuhi, uliponikalisha juu ya gunia ukaniambia nisipumue kwa nguvu. Mimi nilikubeba tumboni, baba, lakini sikukufungia kwa kufuli."

"Mama, sasa hivi si wakati."

"Na maji ya kunywa je? Au na hayo yangemkera mgeni?"

Nyuma ya Bi Mkubwa akatoka mzee wanayemwita Redio, kwa sababu tangu anaamka hadi analala hafungi mdomo. Kifua kilikuwa chake, na kikohozi kilikuwa chake. Akafuata mchoma mkaa mwenye shavu lililovimba kama kameza kitasa. Wakafuata wengine, wakipepesa macho kwa mwanga, wamejaa nyuzi nyeupe za pamba kichwani kama wazee wa ghafla.

Mkaguzi alikuwa amesimama uani, mikono kifuani. Alimwendea Redio kwanza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Habari za afya?"

"Nzuri tu."

"Unasumbuliwa na nini?"

Redio alimtazama Fundi. Fundi akamtolea macho, akamwashiria kwa kichwa: sema. Lakini Redio alikuwa ameyashika maagizo ya asubuhi, na aliyeyatoa ni huyo huyo Fundi: mbele ya mgeni, hapa hakuna mgonjwa. Akaona ndiyo anakumbushwa.

"Hakuna, mwanangu. Mzima kabisa."

Akakibana kikohozi mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Maisha yake yote Redio alikuwa hajawahi kunyamaza, na siku ambayo kijiji kilihitaji maneno yake, betri zikaisha.

"Redio, mwambie ukweli," akasema Fundi.

"Si ndio huu? Ule uliotufundisha."

Mkaguzi akageuka polepole. "Uliowafundisha?"

"Hapana, mzee, hajaelewa."

Mkaguzi hakungoja. Akamsogelea mchoma mkaa. "Na wewe, kaka, hujambo?"

"Sijambo," akasema mchoma mkaa kwa upande mmoja wa mdomo.

"Shavu je?"

"Nimezaliwa nalo."

Mtu mmoja akacheka nyuma, na kicheko kikawapata wengine, maana walikuwa wametoka gizani na walikuwa wameogopa. Walisimama pale uani wakicheka, watu wenye homa na minyoo na vidonda. Kwa mtu aliyekuwa akiwatazama, hawakufanana hata kidogo na wagonjwa.

Bi Mkubwa ndiye aliyekasirika. "Mnacheka nini? Mwenye akili hapa ni nani?" Akajikongoja mpaka mbele ya mkaguzi, akainua gauni hadi gotini, akanyoosha mguu. "Mimi ni mgonjwa, baba. Mimi sijafundishwa na mtu. Tazama."

Mkaguzi akachuchumaa. Bandeji ilikuwa nyeupe, safi, imefungwa na Sista jana yake jioni. Akaifungua pembeni, akanusa, akabonyeza taratibu kwa kidole.

"Kinaendelea vizuri sana," akasema mkaguzi. "Nyama imejaa. Nani anakuosha?"

"Huyu binti. Mungu ampe maisha."

"Kafanya kazi nzuri. Basi kazi yake hapa imekaribia kwisha, bibi. Kilichobaki mtu yeyote wa nyumbani anaweza."

"Hawezi," akasema Sista. "Mzee, hicho hakijafunga. Kikiachwa kitarudi nyuma."

"Na kule mtoni, Sista? Wale wa barazani nao nikawaambie nini?"

Huo ndio ubaya wa mtu ambaye si mwovu, huwezi kumchukia ukapumzika.

Mkaguzi alisimama, akakung'uta goti la suruali.

"Mwenyekiti, sikiliza. Kwanza ilikuwa mbuzi. Sasa ni wagonjwa. Wagonjwa wenyewe wanasema ni wazima, na wewe mzima ndiye unayesema wanaumwa. Mimi nikiulizwa ofisini, nijibu lipi? Nitaambiwa nilichezewa mchezo. Watu wamekusanywa, wakafundishwa maneno, wakasahau maneno."

"Mzee, naapa kwa—"

"Usiape. Umeshasema mbuzi."

Hapo Fundi akakosa pa kushika. Angeweza kulia, angeweza kupiga magoti, na vyote viwili angevifanya, lakini mkaguzi alikuwa ameshamfungulia Sista mlango wa gari.

Sista alitoka chumbani kwake na begi moja. Chumba kile Fundi alikipaka chokaa mwenyewe. Walitembea pamoja kidogo, mwashi na muuguzi, kama mtu na binti yake anayeolewa mbali.

"Sista, nikuulize. Ulikisikia kile kikohozi."

"Nilikisikia."

"Ukajua ni Redio."

"Nilijua."

"Mbona hukusema pale pale? Mkaguzi angecheka, ningefungua ghala, mambo yangekwisha."

"Ulikuwa umeshasema mbuzi, baba. Ningekuita mwongo mbele ya mgeni?"

Akamkabidhi funguo mbili, ya mlango na ya kabati. Dawa zilinunuliwa kwa michango ya kijiji, akasema, na mkaguzi hana ruhusa ya kuzibeba. Kisha akasema kidonda kisilowe, maji yachemshwe, chumvi iwe kidogo. Alisema haraka haraka, na alipofika mwisho akaanza tena mwanzo. Dereva akapiga honi.

Gari liliondoka. Vumbi lake lilikaa hewani muda mrefu kuliko walivyotarajia.

Kisha jambo la ajabu likatokea. Wagonjwa hawakwenda nyumbani. Mmoja mmoja waliingia barazani wakakaa kwenye benchi, kwa mpangilio wao wa kila siku, Bi Mkubwa wa kwanza. Redio akaachia kikohozi alichokuwa amekibana, kikamkunja mpaka paji la uso likagusa magoti.

"Mnangoja nini?" akauliza Fundi.

"Zamu," akasema mchoma mkaa.

"Zamu ya nani? Hamkuona gari?"

"Tumeona. Sasa twende wapi?"

Katibu alisema anakwenda kufungua duka, na kweli akaenda, hakugeuka nyuma.

Ndipo sauti ikatoka ghalani.

"Wameondoka? Nitoke?"

Alikuwa mke wa kinyozi. Fundi alikuwa amemsahau kabisa. Asubuhi aliwaambia wasionekane mpaka gari liondoke, na katika watu wote wale huyu ndiye aliyetii kuliko wote. Mlango ulipofunguliwa alijikunja zaidi nyuma ya magunia, akamziba mtoto mdomo kwa titi. Sasa alikuja uani akiwa amembeba kifuani, na shingo ya mtoto ilikuwa inaning'inia kama ya kuku aliyekwisha chinjwa.

"Anawaka moto," akasema. "Tangu asubuhi hajakojoa. Sista yuko wapi?"

Redio alitazama sakafu. Bi Mkubwa akasogea kwenye benchi, akampisha mahali pake pa kwanza, na kwa kusogea huko mke wa kinyozi akaelewa.

Laiti mkaguzi angemwona huyu mtoto, msomaji. Angemgusa tu paji la uso, na asingeuliza habari za mbuzi tena. Fundi aliliona hilo lote kwa mkupuo mmoja, akalazimika kushika ukuta alioujenga.

"Gari la kwenda hospitali?" akauliza mama mtoto.

"Limeshapita asubuhi," akasema Fundi. " Mpaka kesho."

"Kesho," akasema yule mama, kama anayetaja nchi ya watu wengine.

Kengele ya baiskeli ikalia nje.

Wote waliijua. Ilikuwa ya yule wanayemwita Dokta Baiskeli, mtu aliyekuwa akichoma watu sindano nyumba kwa nyumba kabla zahanati haijajengwa. Hakuna anayejua alisomea wapi, na alipoulizwa alitaja mji tofauti kila mara. Zahanati ilipofunguliwa, biashara yake ikafa. Kabla haijafa, alimchoma binti mkubwa wa kinyozi kwenye tako, na tangu siku ile mguu wa binti yule haujakanyaga chini.

Alishuka, akaegemeza baiskeli kwenye nguzo, akafungua mkoba.

"Nimelipisha gari njiani, nikamwona Sista ndani. Nikasema, jamani, majirani zangu wamebaki na nani?"

"Umekuja kunusa," akasema Bi Mkubwa.

"Nimekuja kusaidia, mama. Ninyi mlinifukuza, mimi sikuwafukuza." Akamgeukia Fundi, sauti ikashuka ikawa ya kirafiki. "Una funguo, una dawa. Unakosa mkono tu. Huu hapa."

"Hufungui kabati hili," akasema Fundi. "Labda nife kwanza."

"Wewe hufi leo. Anayekufa ni yule kifuani kwa mamaye."

"Wewe ndiye uliyemlemaza dada yake."

"Dawa niliweka. Mengine ni ya Mungu."

Fundi alimkamata kola. Angempiga, na watu wangemsamehe. Lakini mkono ulimshika kiwiko kutoka nyuma, mkono wenye joto lililotoka kwenye mwili wa mtoto.

"Fungua, Fundi," akasema mke wa kinyozi.

"Dada, huyu ni yule yule."

"Namjua. Yule mkubwa nambeba mgongoni mimi, kwenda chooni na kurudi, kila siku. Unadhani nimesahau ni nani?" Hakupandisha sauti. "Kesho ni mbali. Fungua."

Fundi akatazama benchi, akitafuta hata mtu mmoja wa kukataa pamoja naye. Mchoma mkaa alikuwa ameshika shavu. Redio alikuwa ananyoosha shingo kutazama mkoba. Mama yake mwenyewe alikuwa ameutoa mguu mbele, bandeji nyeupe, akaufunika tena kwa gauni, akatazama pembeni.

Akafungua mlango. Akafungua na kabati.

Dokta Baiskeli aliingia kama mtu aliyerudi kwake. Akapitisha macho kwenye rafu, akachukua kichupa, akakirudisha, akachukua kingine. Akakiinua kwenye mwanga wa dirisha, midomo ikicheza kama anayesoma taratibu.

"Hii ndiyo yenyewe," akasema. "Ya homa kali."

Fundi alikuwa nyuma ya bega lake. Aliiona karatasi iliyobandikwa kwenye kichupa. Maandishi yalikuwa yamesimama juu chini. Herufi zote zilikuwa zimeinua miguu hewani, na midomo ya Dokta Baiskeli bado ilikuwa inazisoma.

Juu ya shuka lililonyooshwa kwa pasi, mke wa kinyozi alikuwa ameshamlaza mwanawe kifudifudi na kumshusha nepi. Mtoto hakulia.

Bomba la sindano lilivuta dawa yote iliyokuwamo.

"Mshike miguu, Fundi," akasema Dokta Baiskeli, "asije akarusha."

Fundi akanyoosha mikono, na hadi inavuka kona ya kitanda alikuwa bado hajajua kama inakwenda kushika miguu ya mtoto au mkono wenye sindano.